Fanusi za Sherehe za Kichina: Namna ya Kuzisoma, Kuzitengeneza na Kuziwasha

Mgahawa wa Kichina, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Guangzhou, mara nyingi utaukuta na jozi ya fanusi nyekundu mlangoni. Wengi wetu huzipita tukidhani ni pambo tu. Kwa aliyekulia katika mila hizo, jozi ile inasema kwamba nyumba ina heri na mgeni anakaribishwa. Ziwe nyeupe, na mlango uleule unatangaza msiba. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla hujashika gundi na mkasi, ujue unachotaka kukitundika. Umbo, rangi, idadi na usiku wenyewe vyote vina maana, na Mchina atakayepita ataisoma hata kama wewe hukuikusudia.

Nimemwandikia mwalimu wa Kichina anayetaka wanafunzi wake washike kitu mkononi, mzazi mwenye watoto likizoni, na kijana anayesoma China ambaye rafiki yake amemwalika kwao sikukuu. Fuata mpangilio: chagua usiku, chagua fanusi, itengeneze, kisha itundike mahali panapostahili.

Chagua usiku

Kalenda ya jadi ya Kichina huhesabu miezi kwa mwandamo, sawa na ya Kiislamu, kwa hiyo tarehe 15 huwa ni wakati wa mwezi mpevu. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi mmoja wa ziada mara 7 katika kila miaka 19. Sherehe zao basi hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Husogea mbele na nyuma wiki chache, lakini hubaki katika majira yaleyale.

Sherehe tatu ndizo zenye fanusi zaidi. Ya kwanza ni Yuanxiao, tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka mpya. Hii ndiyo Sikukuu ya Fanusi yenyewe, na ndiyo inayofunga shamrashamra za mwaka mpya. Kwa mwaka 2026 ni 3 Machi. Kwa 2027 ni 20 Februari.

Ya pili ni Zhongyuan, tarehe 15 ya mwezi wa saba, ambayo kwa 2026 ni 27 Agosti. Usiku huu watu huachia taa za umbo la yungiyungi zielee mtoni ili ziwaongoze marehemu gizani. Ni usiku wa ibada na kumbukumbu. Usiuchague kwa tafrija ya watoto, na usiige taa zile za kuelea kwenye bwawa la hoteli kwa sababu tu zinapendeza kwenye picha.

Ya tatu ni Zhongqiu, sikukuu ya katikati ya vuli, tarehe 15 ya mwezi wa nane: 25 Septemba 2026, na 15 Septemba 2027. Familia hukutana, hula keki za mwezi na kuutazama mwezi, na watoto hutembea na fanusi mkononi. Desturi hii ya fanusi za watoto ina nguvu hasa kusini: Guangdong, Hong Kong, na kwa jamii za Wachina wa Malaysia na Singapore.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza na unaishi Pwani ya Afrika Mashariki, napendekeza Zhongqiu. Yuanxiao huweza kukukuta masika yanaanza kubisha hodi, na karatasi haivumilii hata manyunyu.

Chimbuko la Yuanxiao hurudishwa enzi ya Han, iliyodumu kuanzia mwaka 206 KK hadi 220 BK. Simulizi iliyoenea humtaja mfalme Ming, aliyetawala kuanzia mwaka 57 hadi 75: alisikia kwamba watawa wa Kibudha huwasha taa usiku huo kumheshimu Buddha, akaamuru ikulu na mahekalu yawashe, na raia wakafuata. Lakini enzi ya Tang ndiyo iliyoifanya sherehe kuwa ya mitaani. Chang'an, mji mkuu wa wakati ule, ulikuwa na amri kali ya kutotoka usiku. Ngoma ikishalia, malango ya mitaa yanafungwa na atakayekutwa barabarani anaadhibiwa. Kwa Yuanxiao amri hiyo iliondolewa usiku mara tatu mfululizo. Fikiria watu waliofungiwa mwaka mzima wanapewa mji wao gizani, ukiwa umejaa mwanga! Maandishi ya Tang yanataja gurudumu la taa lililosimamishwa mwaka 713 nje ya lango la Anfu, lenye kimo cha zhang 20, yaani karibu mita 60, na taa 50,000. Enzi ya Song ikaongeza hadi usiku 5, na enzi ya Ming (si mfalme Ming yule wa Han) ikafikisha 10, kuanzia tarehe 8 hadi 17.

Ipo pia hadithi ambayo ningependa watoto wasimuliwe wakati gundi inakauka. Ndege wa mbinguni alishuka duniani, wanakijiji wakamuua bila kumjua. Mfalme wa Mbinguni, aitwaye Mfalme wa Jade (jade ni jiwe la thamani), akakasirika na kupanga kukichoma kijiji usiku wa tarehe 15. Binti yake akawaonea watu huruma, akawatonya. Mzee mmoja mwenye hekima akatoa shauri: kila nyumba itundike fanusi nyekundu, iwashe mioto na kulipua fataki. Majeshi ya mbinguni yalipochungulia yakaona kijiji chote chekundu, yakadhani kimeshateketea, yakarudi. Katika masimulizi mengine ndege ni korongo, katika mengine ni bata bukini; msimulie mtoto unayempenda.

Soma fanusi kabla ya kuinunua

Anza na rangi, maana hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Nyekundu ni heri, furaha, harusi, mwaka mpya. Manjano na dhahabu huandamana nayo kwenye vishada na maandishi. Nyeupe tupu, ikitundikwa mlangoni, ni msiba. Duka la mapambo ya harusi linaweza kukuuzia fanusi nyeupe za karatasi za duara kwa nia njema kabisa, na kwa bibi harusi wa Dar hazina tatizo. Lakini ukiwa na wakwe wa Kichina ukumbini, chagua nyekundu. Sungura mweupe hayumo katika katazo hili. Yeye ni mnyama wa mwezini, sungura wa jade anayetwanga dawa kando ya Chang'e, mwanamke aliyeruka hadi mwezini akabaki huko, na weupe ni wake.

Kisha idadi. Fanusi za mlangoni hutundikwa jozi. Nne huepukwa, kwa kuwa tarakimu hiyo hutamkwa karibu sawa na kifo. Nane inapendwa, katika kutangazwa kwa Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949, lango la Tiananmen lilitundikwa fanusi kubwa nyekundu 8.

Kisha umbo. Fanusi ya duara ni ukamilifu na familia iliyokutana, ndiyo maana inafaa karibu kila mahali penye furaha. Samaki ni ziada, kwa sababu jina lake linafanana kwa sauti na neno la kubakiwa na akiba. Familia inayotundika samaki inaomba mwaka uishe kukiwa bado na kitu ghalani. Yungiyungi ni usafi, kwani huchipuka topeni na kutoka safi, na pia lina uzito wa Kibudha. Joka ni nguvu na mvua. Fanusi ya ikulu, yenye pande sita au nane za mbao zilizochongwa na vioo au hariri iliyochorwa, ni hadhi, huiweki kibandani.

Fanusi pia ina uhusiano wa karibu na uzazi. Katika lahaja za kusini, neno la taa hufanana na neno la mtoto wa kiume, na sehemu za Guangdong na Fujian familia iliyopata mtoto wa kiume mwaka uliopita hupeleka fanusi kwenye ukumbi wa ukoo mwezi wa kwanza, kama kusema hadharani kwamba jina limepata mrithi. Kaskazini, katika sehemu za Shaanxi, mwenye wajibu ni mjomba. Yeye ndiye anayewapelekea watoto wa dada yake fanusi kabla ya tarehe 15, mwaka hata mwaka hadi wafikishe miaka 12. Msomaji wa Pwani anayejua nafasi ya mjomba nyumbani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kuhusu maandishi: herufi ya *fu* ni baraka, inafaa mwaka mpya. Herufi ya furaha iliyoandikwa mara mbili pamoja ni ya harusi pekee. Nimeona fanusi hizi za harusi zikitundikwa kwenye sherehe za shule, na ni sawa na kumwandikia mtoto wa darasa la tatu kadi ya kumpongeza kwa kufunga ndoa. Ukinunua kitu chenye herufi usiyoijua, mtumie picha yake mtu anayesoma Kichina kabla ya kulipa.

Ya dukani, kwa haraka

Fanusi nyekundu za kitambaa hufika zimekunjwa bapa. Nyingi hutengenezwa Tuntou, kijiji cha Gaocheng mkoani Hebei ambacho karibu kila kaya huishi kwa kazi hii. Ishike juu na chini, isukume taratibu hadi mbavu zijifungue kama mwavuli, kisha pita na vidole kuzunguka uzisambaze ziachane sawasawa. Zikirundikana upande mmoja fanusi itaning'inia imepinda. Funga kishada chini, weka ndoano juu. Za nje ziwe za nailoni. Ndiyo hivyo tu.

Lakini kama una siku mbili na jozi ya mikono ya watoto, nakuomba utengeneze yako. Fanusi ya kununua hupendeza mlangoni. Iliyotengenezwa hubebwa, huonyeshwa, hugombaniwa.

Tengeneza sungura

Sungura wa Shanghai ndiye nimpendaye kuliko wote. Ana manyoya ya karatasi na macho mekundu, ana magurudumu manne ya mbao, na mtoto humvuta kwa kamba mitaani usiku wa Yuanxiao. Kule Nanjing, kwenye maonyesho ya fanusi ya Qinhuai karibu na hekalu la Confucius, sungura na yungiyungi ndio wanaotafutwa zaidi na watoto.

Tafuta mwanzi mmoja mbichi wenye unene wa mkono wa mtoto, uzi imara, shashi nyeupe karatasi kumi hivi, shashi nyekundu kidogo, unga wa ngano, ubao mwembamba wa sentimita 12 kwa 24, vizibo vinne vikubwa vya chupa za plastiki au vipande vya mbao vya duara, waya, na taa ndogo ya LED ya betri. Mwanzi ukikosekana, chelewa za mnazi zilizofungwa mbilimbili zinafaa. Aliyewahi kuunda tiara anajua zinavyopinda bila kuvunjika.

*Fito.* Pasua mwanzi kwa kisu kizito, ukipasua katikati, kisha nusu katikati tena, na kuendelea hivyo. Usijaribu kung'oa ufito mmoja pembeni. Kisu kitakimbilia upande mwembamba na ufito utakatika. Unataka fito za upana wa milimita 5 na unene wa milimita 2. Parua upande wa ndani, acha ngozi ya nje, kwani ndiyo yenye uimara. Loweka usiku kucha. Kazi ya kupasua ni ya mtu mzima, mwenye glavu.

*Pete.* Tengeneza pete tatu: moja ya kipenyo cha sentimita 20, ambayo inahitaji ufito wa sentimita 68, na mbili za sentimita 16, kila moja ufito wa sentimita 55. Urefu huo una sentimita 5 za kupishanisha. Pindisha ufito taratibu juu ya mshumaa, ngozi ikiwa nje, ukiusogeza bila kusimama. Ukisikia harufu ya kuungua umechelewa. Mafundi wa Hong Kong hufunga viungo kwa ukanda mwembamba wa karatasi uliopakwa gundi na kusokotwa. Ukikauka hushika vizuri ajabu na hauna fundo linalotokeza. Uzi pia unatosha.

*Mwili.* Kata fito sita za sentimita 50. Zifunge pamoja ncha moja, ingiza pete ndogo, kubwa, ndogo, zikiachana sentimita 9, kisha funga ncha ya pili. Utapata umbo la yai refu la sentimita 40 hivi. Panga fito mbili mgongoni, moja kila ubavu, mbili tumboni. Funga kila mahali ufito unapokutana na pete, na kati ya zile mbili za mgongoni acha nafasi ya mkono kupita. Bila mlango huo hutaweza kuwasha wala kubadilisha betri.

*Kichwa.* Pete mbili za sentimita 12, moja ikipita ndani ya nyingine kwa msalaba, zifungwe juu kidogo ya ncha ya mbele. Masikio ni fito mbili zilizopindwa kama jani refu, sentimita 18 kila moja. Yainamishe nyuma kidogo. Masikio yaliyosimama wima humfanya sungura aonekane ameshtuka.

*Gundi.* Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi, pika moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe kama uji mwepesi unaong'aa. Iache ipoe. Gundi ya maji ya dukani hulowanisha shashi ikachanika. Hii ya unga ni nzuri zaidi na mtoto akilamba kidole hakuna shida.

*Ngozi.* Funika kila nafasi kati ya fito kwa kipande chake cha shashi, kikubwa kuliko nafasi kwa sentimita moja pande zote. Paka gundi kwenye ufito, usipake kwenye karatasi. Usivute kwa nguvu: shashi ikikauka hujikaza yenyewe.

*Manyoya.* Hapa watoto wote wapewe kazi. Kata kanda za shashi za upana wa sentimita 4, kunja mara kadhaa, kata vijipindo vyembamba vya sentimita 3 ukiacha sentimita 1 bila kukata. Zungusha vijipindo kwenye penseli vijikunje. Kisha bandika ukianzia tumboni kwenda juu, kama unavyoezeka makuti, kila safu ikifunika mzizi wa safu iliyo chini yake. Ukianzia juu, mizizi yote itaonekana. Usizidishe safu mgongoni, mwanga upate kutoka.

Macho ni duara mbili za shashi nyekundu, zikiwa zimebandikwa mahali ambapo taa itazipita kwa nyuma. Funga mwili kwenye ubao kwa waya, LED katikati ya ubao, magurudumu chini, kamba mbele. Kama utambebesha mtoto mdogo zaidi, acha magurudumu. Funga kamba mbili mgongoni na kijiti cha sentimita 40.

Farasi wanaokimbia

Akitoka kwenye sungura, mwanafunzi wa sekondari apewe *zouma deng*, fanusi ya farasi wanaokimbia, iliyokuwa ikijulikana tangu enzi ya Song. Ni somo la fizikia ndani ya kisanduku cha karatasi. Mshumaa hupasha hewa, hewa moto hupanda, inasukuma gurudumu lenye mapanga juu, gurudumu linazungusha vikaragosi, na kivuli cha wapanda farasi kinakimbizana ukutani mwa fanusi bila kumfikia mwenzake.

Simamisha waya mgumu wa sentimita 30 katikati ya ubao, ncha ya juu ikinolewa kwa tupa. Kata gurudumu la kipenyo cha sentimita 16 kutoka kwenye sahani ya foili, likatwe mapanga 8 yasiyofika katikati, kila panga likipindwa upande uleule. Katikati bandika kizibo cha soda ulichokibonyeza kitobo kidogo kwa msumari bila kukitoboa, na kitobo hicho kikae juu ya ncha ya waya. Ning'iniza farasi wanne wepesi kwenye kingo za gurudumu kwa nafasi sawa, miguu yao isishuke chini ya sentimita 10 kutoka ubaoni. Weka mishumaa miwili mifupi, mmoja kila upande wa waya. Zungushia kisanduku cha fito na shashi cha sentimita 22 kila upande, kimo 35, juu wazi, chini kikiwa na upenyo wa hewa. Ukiziba chini hakuna kitakachozunguka.

LED haina joto la kutosha, kwa hiyo fanusi hii ndiyo pekee ninayoikubalia moto, juu ya meza, na mtu mzima asiyeondoka.

Inasimuliwa kwamba Wang Anshi, mwanasiasa na mshairi wa Song aliyeishi 1021 hadi 1086, alipokuwa akienda kwenye mtihani wa ikulu alikuta nyumba ya tajiri imetundika fanusi hii ikiwa na mstari mmoja wa shairi ukingoja mwenzake: taa ya farasi wanaokimbia, taa ikizimika farasi husimama. Kwenye mtihani, msimamizi akamwonyesha bendera na kumpa mstari: bendera ya chui milia arukaye, bendera ikikunjwa chui milia hujificha. Akajibu kwa ule wa taa. Akarudi kwa tajiri akajibu kwa ule wa bendera, akapewa binti. Siku ya harusi habari ya kufaulu ikafika, naye akaandika herufi ya furaha mara mbili mlangoni. Ni ngano, na inapendwa kwa sababu inaeleza ile herufi ya harusi.

Tega vitendawili

Usiku wa fanusi bila vitendawili ni nusu. Tangu enzi ya Song watu huandika vitendawili kwenye vipande vya karatasi na kuvitundika chini ya fanusi. Anayedhani amepata jibu huchomoa karatasi na kwenda nayo kwa mwenye fanusi kuthibitisha. Akipata hupewa zawadi ndogo. Vingi huchezea sehemu za herufi na haviwezi kuvuka lugha, lakini vya vitu vinavuka vizuri. Kimoja cha watoto: nyuzi elfu, nyuzi laki, zikianguka majini hazionekani. Ni mvua. Kingine: nyumba yenye kuta zilizokwaruzika, ndani pazia jekundu, ndani ya pazia bwana mnene mweupe. Ni karanga.

Changanya na vya kwetu. Sungura wa Shanghai akining'iniza "nyumba yangu haina mlango" hajakosea kitu, na mgeni wa Kichina atakuna kichwa hadi alifikirie yai. Andaa vitendawili mara mbili ya idadi ya wageni, kwa maana vyepesi huisha ndani ya nusu saa.

Kama ni Yuanxiao, pika *tangyuan*, vidonge vitamu vya unga wa mchele. Kanda unga wa mchele wa kunata na maji ya vuguvugu, jaza ufuta uliosagwa na sukari, viringisha ukubwa wa limau dogo, chemsha hadi vielee, kisha ngoja dakika moja zaidi. Unga wa kawaida wa mchele haufai, utasambaratika. Kaskazini hawajazi kwa mkono. Huviringisha kitovu cha ufuta kwenye unga mkavu hadi kikue.

Kutundika, na moto

Jozi mlangoni zilingane kimo, juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ndani ya fanusi za karatasi, isipokuwa ile ya farasi, weka LED pekee. Balbu ya zamani inayopata moto hukausha karatasi siku baada ya siku hadi ianze kuwa ya kahawia, na hapo umebakiza kidogo. Watoto wanaoitazama ile ya farasi yenye mishumaa wasivae kanga zinazoning'inia wala nguo za nailoni, na ndoo ya maji iwe karibu kabla ya kiberiti.

Sasa zile za kurushwa angani. Wachina huziita taa za Kongming, kwa jina la heshima la Zhuge Liang, mpangaji wa vita aliyeishi 181 hadi 234, ambaye husemekana alizibuni kuomba msaada alipozingirwa. Pingxi, mji mdogo wa milimani Taiwan, huzirusha kwa wingi kila Yuanxiao. Huko husimuliwa kwamba wenyeji waliokimbia majambazi milimani walirushiwa taa hizo kuambiwa kijiji kimetulia, warudi. Ni desturi yenye historia yake na mahali pake, bonde lenye mvua nyingi.

Kwetu usizirushe. Ni moto usio na usukani. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2020, taa za namna hii ziliangukia nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani, na wanyama zaidi ya 30 wakateketea. Miji mingi ya China yenyewe imezipiga marufuku. Sasa fikiria kijiji chenye mapaa ya makuti, au nyasi za kiangazi, au uwanja wa ndege ulio jirani na makazi. Anayetaka kuandika ombi lake aliandike kwenye karatasi na kulitundika chini ya fanusi yake, litasomeka vilevile.

Kuzishusha

Fanusi za mwaka mpya hukaa mpaka tarehe 15 ipite, ndipo zinashushwa. Zile za Shaanxi zinazotoka kwa mjomba hazitunzwi kabisa: usiku wa mwisho watoto hugonganisha fanusi zao hadi mishumaa ianguke na ziungue, kwa imani kwamba kuiwasha ya mwaka jana kutamletea mjomba balaa, na mwakani ataleta mpya.

Sungura wako wa LED anaweza kutunzwa. Toa betri. Mfute vumbi kwa brashi laini ya rangi, mweke kwenye boksi lililo juu ya kabati na majani makavu ya mwarobaini, maana gundi ya unga huwavuta mende na panya kuliko chochote ndani ya nyumba. Usimfunge kwenye mfuko wa plastiki, hasa Pwani. Unyevu utalegeza shashi yote. Mwaka ujao kagua viungo kwanza, badilisha uzi uliolegea, kisha bandua manyoya yaliyogeuka rangi safu kwa safu kuanzia mgongoni, ubandike mapya kuanzia tumboni.